Sarafu Nne za Enzi ya Tudor: Kama Utanunua Moja Tu, Iwe Ipi?

Mtu anayetaka sarafu moja ya enzi ya Tudor, ile nasaba iliyotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603, hukwama mapema. Orodha za minada zimejaa, picha zinavutia, na karibu kila sarafu imeandikiwa "adimu". Ajue kwanza kwamba kuna adimu za aina mbili. Kuna sarafu iliyotengenezwa kwa wingi mno, ila zilizobaki na uso unaotambulika ni chache. Na kuna iliyotengenezwa kidogo tangu mwanzo, ila waliozipata walizitunza. Asiyeuliza adimu kwa namna gani hulipa bei ya moja akaondoka na nyingine.

Nimechagua nne ambazo wanunuzi husitasita kati yake. Zote ni za fedha, au angalau zilidaiwa kuwa za fedha. Dhahabu nimeiacha kwa makusudi, maana mwenye uwezo wa kununua soverini ya Henry VII hahitaji ushauri wangu, anahitaji mwanasheria na mtu wa bima.

Hesabu ya pesa za wakati ule ikae kichwani: peni 12 ni shilingi moja, shilingi 20 ni pauni moja.

Vigezo

Nitazipima kwa mambo manne. La kwanza ni historia, na hapa simaanishi yale yaliyoandikwa vitabuni kuhusu mfalme husika. Namaanisha yale unayoweza kumwonyesha mgeni wako kwa kidole juu ya sarafu yenyewe. La pili ni uhaba na bei inayoufuata. La tatu ni hali: kwa pesa ya kawaida, utapata kitu chenye sura au kipande kilicholika? La nne ni hatari ya bandia, ya kuchongwa upya na ya tundu lililozibwa.

Sarafu zenyewe

*Testuni ya Henry VIII*, iliyotolewa kuanzia 1544, ni shilingi ya mfalme huyo. Mbele kuna uso wake wenye ndevu na taji, ukikutazama moja kwa moja. Nyuma kuna waridi la Tudor lenye taji, kati ya herufi H na R. Uzito wake ni karibu gramu 7.8.

*Shilingi ya Philip na Mary* ilitolewa baada ya ndoa yao ya Julai 1554. Ina nyuso mbili, mume na mke, zikitazamana. Uzito ni kama gramu 6.2.

*Peni sita ya mashine ya Elizabeth I*, 1561 hadi 1571. Malkia anatazama kushoto, waridi nyuma ya kichwa chake, na mwaka umechapwa upande wa pili. Ni nyepesi, kama gramu 3.

*Testerni ya lango*, 1600 na 1601, ilitengenezwa kwa ajili ya biashara ya mashariki. Haina uso wa mtu. Upande mmoja una ngao ya kifalme, wa pili una lango la nondo lenye minyororo, lile la kushushwa kwenye mlango wa ngome, na taji juu yake. Zilikuwepo za thamani nne: testerni 8, 4, 2 na 1.

Historia iliyo juu ya chuma

Kwa kigezo hiki testuni ina mengi ya kusema, na mengi ni ya aibu. Henry alikuwa na vita na Ufaransa na Scotland, na vita vinakula pesa. Uamuzi wa kupunguza ubora wa sarafu ulipitishwa kwa siri mwaka 1542, na kufikia 1544 sarafu zenyewe zikawa mikononi mwa watu. Fedha halisi ndani yake ilishuka hadi asilimia 75, kisha 50 mwaka 1545, kisha theluthi moja mwaka 1546. Kilichobaki ni shaba. Ili isionekane, uso wa sarafu ulifanywa mweupe kwa kuondoa shaba ya juu na kuacha tabaka jembamba la fedha. Basi sarafu ikizunguka sokoni, sehemu iliyoinuka kuliko zote ndiyo husuguliwa kwanza, na kwa mfalme anayekutazama usoni sehemu hiyo ni pua. Waingereza wakampa jina: Mzee Pua ya Shaba. Ukishika testuni yenye pua nyekundu umeshika hila ya serikali na jibu la raia kwa pamoja.

Madhara yake yaliendelea hata baada ya Henry kufariki Januari 1547. Mwanawe Edward VI aliendelea na ubovu huo, na mwaka 1551 fedha ikashuka hadi robo. Mwaka huo huo serikali ikatangaza kwamba shilingi ya peni 12 sasa ni ya peni 9, na muda si mrefu ikawa ya peni 6. Fikiria mfanyabiashara aliyelala na kisanduku cha shilingi. Elizabeth ndiye aliyemaliza kazi: Septemba 1560 akatangaza kuondolewa kwa sarafu duni. Zile za kati zilipigwa muhuri wa lango zikahesabiwa peni nne na nusu, na zile mbaya kabisa zikapigwa muhuri wa mbwa wa mbio, zikawa peni mbili na robo.

Msomaji wa Afrika Mashariki asicheke haraka. Shilingi ya fedha iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1921 ilikuwa na uzito ule ule wa karibu gramu 7.8, na fedha ndani yake ilikuwa asilimia 25. Hata Henry katika mwaka wake mbaya kabisa alitia zaidi.

Shilingi ya Philip na Mary inaeleza siasa kwa mchoro. Mary Tudor alikuwa malkia kwa haki yake mwenyewe, na ndoa yake na mwana wa mfalme wa Hispania iliwatia Waingereza hofu. Kabla hata ya harusi, mapema 1554, Thomas Wyatt aliongoza uasi uliofika hadi London. Mkataba wa ndoa ukambana Philip: ataitwa mfalme, lakini mamlaka yake yana mipaka. Sasa itazame sarafu. Nyuso mbili, taji moja, nalo halikai juu ya kichwa cha yeyote, linaelea juu katikati yao. Aliyebuni mchoro huo alikuwa na kielelezo cha Ferdinand na Isabella wa Hispania, mfalme na malkia waliochorwa kwenye sarafu wakitazamana vivyo hivyo. Matoleo ya mwanzo yana maandishi yanayomtaja Philip kama mfalme wa Naples na mwana wa mfalme wa Hispania, na mengine yanataja vyeo vya Uingereza tu. Mary alifariki Novemba 1558 bila mtoto, na Waingereza hawakuchapa tena nyuso za wanandoa zikitazamana namna hiyo.

Peni sita ya mashine ni habari ya fundi, Eloy Mestrelle, Mfaransa aliyefika London mwanzoni mwa utawala wa Elizabeth akiwa na ujuzi wa mitambo. Hadi wakati huo sarafu ya Uingereza ilitengenezwa kwa nyundo: kipande cha fedha katikati ya chapa mbili, mtu anapiga. Mestrelle alileta mitambo ya kulaza bamba la fedha kwa unene sawa, kulikata duara, na kulichapa kwa skrubu ya kubana. Matokeo yanaonekana kwa macho ya mtu asiyejua lolote: duara kamili, ukingo wenye nukta kama shanga, zote nzima, herufi zote zimo. Wafanyakazi wa nyundo katika kiwanda cha sarafu cha Tower, London, hawakumpenda, na unaweza kuelewa kwa nini. Mashine ilipopimwa mwaka 1572 ilionekana kuwa polepole mno ikilinganishwa na nyundo, naye akafukuzwa kazi. Mwaka 1578 alinyongwa Norwich kwa kosa la kughushi pesa. Uingereza haikuhamia kwenye mashine moja kwa moja hadi 1662, chini ya Charles II. Kwa hiyo sarafu hii ni ya teknolojia iliyofika miaka mia moja mapema, ikakataliwa.

Testerni ya lango ndiyo yenye harufu ya bahari yetu. Tarehe 31 Desemba 1600 Elizabeth aliipa hati Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Wafanyabiashara walijua kwamba pesa inayopokelewa katika Bahari ya Hindi ni sarafu ya fedha ya Hispania iitwayo reale nane. Malkia, aliyekuwa vitani na Hispania, hakutaka biashara ya watu wake iendeshwe kwa pesa ya adui, hivyo kiwanda cha Tower kikatengeneza sarafu zenye uzito wa Kihispania na alama za Kiingereza: testerni 8 ina kama gramu 27, sawa na reale nane. Msafara wa kwanza uliondoka mwaka 1601 na meli Red Dragon, Hector, Ascension na Susan, ukafika Aceh, kisiwani Sumatra, mwaka 1602. Wauza pilipili wa huko waliendelea kuiamini ile waliyoizoea, na sarafu ya lango haikutolewa tena.

Kiongozi wa msafara huo, James Lancaster, alikuwa si mgeni upande wetu. Miaka kumi kabla, akiwa na meli Edward Bonaventure, alitia nanga Zanzibar kuanzia mwishoni mwa 1591 hadi Februari 1592. Safari hiyo hakuwa na testerni, hazikuwa zimetengenezwa bado, kwa hiyo muuzaji akikuambia sarafu yake "ilipita Zanzibar na Lancaster", funga mazungumzo.

Uhaba na bei

Testuni zilitengenezwa kwa wingi katika viwanda vya Tower, Southwark na Bristol. Zilizobaki ni chache kwa sababu zilikusanywa na kuyeyushwa, na nyingi ya hizo chache hazina uso. Kwa hiyo bei yake ina ngazi kali: iliyolika inaweza kupatikana kwa mamia ya pauni, yenye pua na macho inaruka hadi maelfu. Za Bristol, zenye maandishi CIVITAS BRISTOLIE, zina wapenzi wake maalum. Mkuu wa kiwanda hicho, William Sharington, alikamatwa mwaka 1549 kwa kuiba kupitia kazi yake, na wakusanyaji hupenda sarafu yenye mhalifu nyuma yake.

Philip na Mary si adimu kama wauzaji wanavyosema. Karibu kila mnada mkubwa wa London unayo moja. Bei inapandishwa na watu wengi kuitaka, wakiwemo Wahispania. Mamia kadhaa ya pauni kwa ya kawaida, maelfu kwa nzuri.

Peni sita ya mashine ina miaka rahisi na miaka migumu. Ya 1562 ndiyo hupatikana zaidi na ndiyo ya kuanzia. Miongoni mwa nne hizi ndiyo nafuu, kwa kawaida mamia ya pauni.

Testerni ni adimu kwa maana ya kweli: zilitolewa mara moja, kwa kazi moja. Hata ya testerni 1, ndogo kuliko zote, ni ya maelfu, na ya 8 ni ya wachache. Wengi wetu tutaiona katika kabati la British Museum, ambako inatazamwa bure.

Nje ya nne hizi ipo peni sita ya kawaida ya Elizabeth, ya nyundo, yenye mwaka kuanzia 1561 hadi 1602. Iliyochakaa kiasi hupatikana kwa makumi ya pauni. Mtu ambaye bajeti yake imegoma asione haya kuanza na hiyo, hasa ile ya 1588, mwaka ambao manowari za Hispania zilitumwa kuivamia Uingereza.

Hali: utapata sura?

Hapa mpangilio unageuka. Ya mashine inashinda kwa mbali kwa sababu ilichapwa kwa usawa. Hata iliyotembea mifukoni miaka mingi bado ina malkia mwenye jicho na kola ya nguo. Testerni nayo mara nyingi inapendeza, maana mchoro wake hauna uso wa kulika, na hilo linaisaidia.

Philip na Mary ina kasoro ya kuzaliwa. Nyuso mbili zilizoinuka katikati zilihitaji pigo zito, na pigo halikutosha kila mara. Utakuta maandishi ya pembeni ni makali na nyuso ni bapa, na muuzaji atakuambia ni "udhaifu wa kuchapa" badala ya kulika. Inaweza kuwa kweli. Lakini bapa ni bapa, na utakapomwonyesha mtu atauliza ni nani hao. Mikwaruzo usoni nayo ni ya kawaida. Ushauri wangu ni kutojali mwaka wala aina ya vyeo, na kulipia nyuso tu.

Testuni ndiyo ngumu. Chuma chenyewe ni kibaya: kinapasuka, kinaota madoa, kina vitundu. Anayetaka sarafu ya kung'aa asiiguse. Ila kwa testuni kulika kwa pua ni sehemu ya historia yake, na mimi binafsi ningechukua yenye pua ya shaba na macho yanayoonekana kuliko ile nyeupe iliyosafishwa hadi ikawa kama kifuniko cha sufuria.

Hatari

Kwa zote nne, omba picha ya ukingo na uzito kwa gramu kabla hujaomba punguzo. Sarafu ya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu huwa na uso laini kama sabuni, vipovu vidogo, na mara nyingine mstari wa maungio ukingoni. Ya nyundo ikikosa uzito huenda ilikatwa pembeni zamani kwa ajili ya kuiba fedha. Angalia kama herufi za nje zimo.

Testuni na Philip na Mary hushambuliwa na wachongaji: mtu huchukua sindano ya chuma akarudisha macho na ndevu zilizofutika. Dalili ni mistari mikali kwenye uso ambao sehemu nyingine zote zimechoka. Tundu lililozibwa hujulikana ukiiweka chini ya taa ya pembeni, maana rangi ya fedha hubadilika pale.

Ya mashine ina hatari ndogo ya kuchanganywa na ya nyundo na mnunuzi mgeni. Tazama alama iliyo mwanzo wa maandishi. Nyota ni ya mashine, na ukingo wenye shanga zisizokatika huthibitisha. Testerni ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa thamani kubwa huvuta waghushi, na sarafu adimu za namna hii zilinakiliwa karne ya 19 kwa njia ya umeme, nusu mbili zikaunganishwa. Bila historia ya umiliki iliyoandikwa, usinunue.

Suala la sheria ni fupi. Uingereza ina Sheria ya Hazina ya 1996: sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha, zenye zaidi ya miaka 300, zikipatikana pamoja ardhini lazima ziripotiwe. Mwuulize muuzaji sarafu imetoka wapi, na kama unaipeleka nje ya Uingereza, uliza kama inahitaji kibali. Muuzaji makini hujibu hayo bila kukasirika, na hukupa namba ya sarafu katika katalogi ya Spink, orodha ya marejeo ya sarafu za Uingereza, bila kuombwa.

Kulingana na hali yako

Unanunua ya kwanza maishani, unaishi mbali na London, na utategemea picha: chukua peni sita ya mashine ya 1562. Ni rahisi kuitambua, na ukiichoka inauzika.

Unafundisha historia au uchumi na unataka kitu cha kupitisha darasani: testuni, hata iliyochoka. Mfumuko wa bei hauelezeki vizuri zaidi ya kumpa mwanafunzi mfalme mwenye pua nyekundu. Iweke kwenye kifuko cha plastiki kigumu, jasho la mikono halikipendi chuma hicho.

Unampa mtu zawadi ya ndoa, au unapenda sarafu kwa mchoro wake: Philip na Mary. Jiandae kusubiri hadi zipatikane nyuso mbili zinazosomeka, na usimweleze bibi harusi jinsi ndoa ile ilivyokwisha.

Unakusanya vitu vya Bahari ya Hindi, na tayari una reale za Hispania au sarafu ndogo za shaba za Kilwa: testerni ndiyo inayokamilisha kisanduku chako. Anza na ya testerni 1, nunua kwenye mnada wenye jina, na lipa mtaalamu wa nje aikague kabla pesa haijatoka.

Una pesa kidogo na hamu kubwa: peni sita ya nyundo mwaka huu, na picha ya testerni ukutani.